Kitambaa Chekundu Kwenye Usukani

"Ni uzembe wa dereva, Msumari! Uzembe! Unataka nikuchoree?"

"Chora, mkuu. Ila usichoree kwenye jalada langu."

Walikuwa wanafokeana juu ya maiti kabisa. Mkuu wa kituo upande huu, Inspekta upande ule, na katikati yao miguu miwili imechomoza chini ya gari la mizigo. Viatu vya kazi, kisigino cha kulia kimelika upande mmoja. Saa tatu na nusu asubuhi, na karakana nzima imenyamaza, spana zimewekwa chini, mafundi wamejipanga ukutani kama watoto walioitwa na mwalimu.

"Dereva amebonyeza kitufe mtu akiwa chini ya gari," mkuu akasema, sasa kwa sauti ya kubembeleza. "Gari lenyewe limerekodi. Namba yake ya siri, saa tatu na dakika kumi na mbili. Saa nane mchana namfikisha mahakamani. Kwisha habari."

"Mbona una haraka hivyo?"

"Sina haraka."

"Kampuni imetuahidi magari kumi mapya ya doria. Ndiyo maana huna haraka?"

Mkuu akamtazama vile mtu anavyomtazama nzi aliyetua kwenye supu. "Una mpaka saa nane," akasema. "Na ukinitia aibu mbele ya hawa watu, utahamia stoo ukahesabu buti."

Jina halisi la Inspekta huyu kituoni walishalisahau. Walimwita Msumari, kwa sababu akishaingia mahali humtoi mpaka upasue ubao.

Mpiga picha wa polisi alipomaliza, wakaweka jeki, gari likainuliwa, wakamtoa mzee. Daktari akainama, akapima, akainuka. Kifua kimekandamizwa. Kafa kati ya saa tatu na saa tatu na robo. Hakuna jeraha jingine, hakuna dalili ya kupigana.

Marehemu alikuwa fundi mkuu wa karakana. Wote walimwita Mzee Breki, na gari lililomuua lilikuwa la arobaini na saba kati ya magari mia ya kampuni. Magari hayo ni ya kisasa, bwana. Mwili wa gari unakaa juu ya mifuko ya hewa, unapanda na kushuka wenyewe. Ukitaka kupakia mzigo linapiga magoti kama ngamia. Asubuhi hiyo mzee alikuwa amelipandisha mpaka mwisho, akaingia chini kuchungulia bomba la breki, kazi ya dakika mbili. Ndipo gari likapiga magoti.

Msumari akaenda chumba cha walinzi. Dereva alikuwa amekaa pale na pingu mikononi, magoti yamefika karibu na kidevu.

"Wewe ndiye Twiga?"

"Ndiyo, afande."

Lile jina halikuhitaji maelezo. Kijana akisimama, taa ya dari ilikuwa inamgusa nywele.

"Saa tatu na dakika kumi na mbili ulikuwa wapi?"

"Getini. Nakunywa chai."

"Na nani?"

"Peke yangu. Na kikombe."

"Usinifanyie utani."

"Utani nitautoa wapi, afande? Aliyekufa ni baba mkwe wangu."

Msumari akavuta kiti, akakaa. Hilo mkuu hakumwambia.

"Jana mligombana. Watu wote wamesikia."

"Tunagombana kila siku. Mimi nasema nina mizigo ya watu, yeye anasema gari haliingii barabarani. Tangu sasisho la mwezi uliopita, lile la programu ya gari, breki zinachelewa kushika. Unakanyaga, gari linafikiria kwanza. Mzee akagoma. Akasema arobaini na saba halipokei kitu kingine mpaka aone breki kwa macho yake. Tunatukanana pale, jioni tunakula meza moja."

"Namba yako ya siri nani anaijua?"

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Ofisi ya juu. Bwana Hewa anazo zote."

Kabla Msumari hajauliza Bwana Hewa ni nani, mlango ukasukumwa. Akaingia mwanamke mwenye kanga begani, macho makavu, mekundu.

"Mama, hapa huruhusiwi," askari wa mlangoni akaanza.

"Usiniite mama, hatulingani hata miaka." Akamgeukia Msumari. "Afande, nimeambiwa nirudi nyumbani nikapumzike. Baba yangu mmembeba, mume wangu mmemfunga. Huko nyumbani nikapumzike na nani? Na kabati?"

"Shemeji, pole sana."

"Sitaki pole. Nataka uniambie kitambaa kiko wapi."

"Kitambaa gani?"

Akamshika Inspekta mkono kabisa, hakujali cheo wala nini, akamvuta mpaka karakana. Akanyoosha kidole. Magari mengine matatu yalikuwa kwenye matengenezo. Kila moja lilikuwa na kitambaa chekundu kimefungwa kwenye usukani.

"Hii ndiyo sheria ya baba," akasema. "Kitambaa kikiwa kwenye usukani, mtu yuko chini. Hata mwenye kampuni haingii kwenye kiti. Miaka ishirini! Nyumbani kwetu akiingia kutengeneza bomba la sinki, anafunga kitambaa kwenye koki. Sisi tunamcheka. Halafu leo, leo tu, amesahau?"

Mafundi ukutani wakatikisa vichwa. Fundi wa umeme, mama mtu mzima mwenye miwani minene, akajitokeza mbele.

"Hakusahau, mwanangu. Nilimwona anafunga. Na waya wa antena alishauchomoa, ule unaopokea masasisho. Alikuwa anasema, mgonjwa akiwa kitandani hapokei simu."

Msumari akafungua mlango wa arobaini na saba, akachungulia chini ya dashibodi. Waya ulikuwa umechomekwa, umekaza. Usukani mtupu. Kwa hiyo kuna mtu aliingia, akatoa kitambaa, akarudisha waya, akaweka namba ya Twiga.

"Sasisho linaingiaje?" akauliza.

"Unaweka namba ya dereva," mama wa umeme akasema. "Unakanyaga breki, hapo hapo unabonyeza Kubali kwenye kioo cha dashibodi. Bila mguu kwenye breki halikubali. Likishaingia linajijaribu, linashuka mpaka chini, linapanda. Ila safari hii lilishuka, na chini palikuwa na mtu."

Msumari akasimama akakitazama kiti cha dereva. Akakitazama tena. Akapiga mluzi.

"Mleteni Twiga."

"Afande, mkuu amesema mtuhumiwa asitoke..."

"Mkuu amesema mengi leo. Mleteni."

Wakamleta. "Panda," Msumari akamwambia. "Usiguse kitu. Kaa tu."

Twiga akajaribu. Akaingiza mguu mmoja, magoti yakagonga usukani, akakwama pale nusu ndani nusu nje, kama meza inayopitishwa kwenye mlango mdogo. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele mpaka mwisho.

"Nani amekaa hapa?" Twiga akang'aka. "Hiki si kiti changu! Changu kiko nyuma kabisa! Gari linakikumbuka, nikiweka namba tu kinajirudisha chenyewe!"

"Weka namba yako."

Akaweka kwa kidole kimoja, pingu zinalia. Kioo kikaandika: Karibu, Twiga. Kiti hakikurudi nyuma hata inchi. Kilibaki mbele, kimetulia, kinamsubiri mtu mfupi.

"Gari linakumbuka aliyekaa mara ya mwisho," mama wa umeme akasema polepole. "Kiti kilimrudisha nyuma mguu ukashindwa kufika kwenye breki. Akakisogeza. Gari likaandika."

"Kumbukumbu hiyo inaweza kufutwa?"

"Kutoka ofisi ya juu, kwa hewa, kupitia ile antena, ndani ya dakika moja."

Msumari hakusubiri kuagiza mtu. Akaingia chini ya dashibodi na suti yake ya mwezi uliopita, akaushika waya wa antena, akauchomoa.

"Mgonjwa yuko kitandani," akasema. "Piga picha hicho kiti. Chukua alama za vidole kwenye wenzo wake. Na mfungue huyu kijana pingu, mkewe amesimama pale."

Saa sita Msumari akapanda ofisi ya juu. Ilikuwa ya vioo, baridi kama friji. Ukuta mmoja wote ni kioo cha kompyuta chenye taa mia moja, kila gari na taa yake. Mbele yake alikuwa anatembea bwana mmoja nadhifu, mfupi, viatu vya soli nene, anawaeleza wageni wawili wenye tai. Mkuu wa kituo amekaa kwenye sofa na soda mkononi.

"Zamani gari likiwa na kasoro unalipeleka gereji," yule bwana alikuwa anasema. "Sisi tunalitibu likiwa barabarani, kwa hewa tu. Kampuni za magari zote zinaitaka huduma hii, soko linapanda kila mwezi. Tazameni: magari mia, taa mia za kijani..."

"Tisini na tisa," Msumari akasema kutoka mlangoni.

Wote wakageuka kwenye ukuta. Taa ya arobaini na saba ilikuwa nyekundu, inapepesa.

"Nani amegusa gari langu?" Bwana Hewa akafoka.

"Mimi. Wageni, tupisheni kidogo, kuna chai chini." Wakatoka bila kuaga. "Kaa, Bwana Hewa."

"Nitasimama."

"Kama unataka. Saa tatu na dakika kumi na mbili ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Nani alikuona?"

"Nafanya kazi peke yangu."

"Leo umeshuka karakana?"

"Sishuki huko. Kuna mafuta."

"Hujakaa kwenye arobaini na saba?"

"Nimesema sishuki!"

"Sheria ya kukanyaga breki kabla ya kubonyeza Kubali aliitunga nani?"

Bwana Hewa akasita. "Mimi. Ni usalama."

"Sheria nzuri. Tatizo Twiga ana miguu mirefu. Uliweka namba yake, kiti kikakupeleka nyuma, ukabaki unaning'iniza miguu kama mtoto kwa kinyozi. Ukakivuta mbele. Gari likakariri. Tuna picha, na alama za vidole zinachukuliwa sasa hivi."

"Msumari," mkuu akasema kwenye sofa, "punguza."

"Sijaongeza bado, mkuu."

Jasho lilikuwa linamtiririka Bwana Hewa, na kile chumba kilikuwa baridi hivyo. Akaingiza mkono mfuko wa koti, akatoa kitambaa, akajifuta paji la uso. Likabaki doa jeusi la grisi kutoka nyusi mpaka nywele.

Bwana Hewa akaona macho yao, akakitazama kitambaa mkononi mwake. Chekundu.

"Hicho," Msumari akasema taratibu, "kilikuwa kwenye usukani."

Bwana Hewa akakaa. Sasa alikaa.

"Nilimwambia mara mbili atoke," akasema. "Mara mbili! Nikamwambia wageni wanafika saa sita, nataka taa mia. Unajua alinijibu nini, yuko huko huko chini, sioni hata uso? 'Gari hili halipokei hewa yako. Kwanza nieleze breki zako.' Miaka sita nimejenga hii kitu. Usiku na mchana. Kampuni nne zimekuja kununua. Na breki, ndiyo, breki zilikuwa na kosa, nililijua, sasisho la leo lilikuwa linalirekebisha! Ningemweleza, angeandika barua, wageni wangesoma. Mzee mmoja na spana anasimamisha dunia."

"Ukafungua kitambaa."

"Nikafungua."

"Ukijua yuko chini."

"Niliona viatu. Gari linachukua sekunde nne kushuka. Nikasema atasikia hewa inatoka, atakimbia. Halafu nikabonyeza. Halafu nikasema... asipokimbia, basi."

"Na namba ya mkwe wake?"

"Ilikuwa karibu. Wote walijua wanagombana."

Msumari akamvisha pingu, akakitia kitambaa kwenye bahasha ya vielelezo. Akafungua jalada juu ya meza ya vioo akaanza kuandika.

Mkuu akaja mbio, akauwekea mkono ule ukurasa. "Ngoja. Amekiri, sawa, dereva aachiwe. Lakini tuandike uzembe. Uzembe uliosababisha kifo. Mtu wa maana huyu, wageni wako chini, yale magari kumi..."

"Toa mkono, mkuu."

"Nakuamuru."

"Aliyebonyeza bila kuona ni mzembe. Huyu alifungua kitambaa kwanza." Akausukuma ule mkono pembeni kwa kiwiko, akaandika neno moja kwa herufi kubwa, mpaka kalamu ikatoboa karatasi: MAUAJI.

"Stoo, Msumari! Kuanzia kesho! Utahesabu buti mpaka ustaafu!"

"Nitazihesabu vizuri. Ile ya kulia iliyolika kisigino nimeshaihesabu."

Kupitia ukuta wa vioo, chini karakana, alimwona binti wa marehemu na mumewe mrefu wamesimama kando ya arobaini na saba. Mwanamke ameingiza mkono dirishani, anafunga kitu kwenye usukani. Kanga yake alikuwa ameichana upande.

"Ukitoka kwenye mlango huo usirudi!" mkuu akapiga kelele.

Msumari akamshika Bwana Hewa bega, akamtanguliza. Nyuma yao ile taa moja nyekundu ilikuwa bado inapepesa ukutani. Akatoka, akafunga mlango.