Kibandiko Mgongoni mwa Tunu

Tunu alikuwa na miaka sita, na alikuwa amechoka. Mama yake, mkutubi wa maktaba ya mtaa, alikuwa amechoka zaidi.

Wiki nzima mama alirudi nyumbani Tunu akiwa ameshalala. Kazini alikuwa akibandika vibandiko ndani ya vitabu. Vitabu vyote, kabati baada ya kabati.

Kila kibandiko kina uzi mwembamba wa chuma. Mtu akitoka na kitabu ambacho hakijaandikishwa, lango la maktaba huuhisi uzi ule. Hapo hulia: Pii! Pii!

Jumamosi Tunu akaja kusaidia, ili mama awahi kurudi.

Bandika, bonyeza. Bado kingine.

Asubuhi vidole vilikimbia. Mchana vikatembea. Jioni vikajikokota.

"Mama, bado vingi?"

"Kabati moja tu, mwanangu."

Bandika, bonyeza. Bado kingine.

Tunu akajilaza mkekani, kidogo tu. Kumbe amelalia kibandiko. Chap! Kikamnata mgongoni. Hakuna aliyekiona.

Kazi ikaisha. Mama akamwamsha. "Twende. Leo nitakusimulia hadithi mpaka mwisho."

Wakafika langoni. Pii! Pii!

Mzee Ndunguru, mlinzi, akainuka taratibu. Magoti yake nayo yalikuwa yamechoka. "Lango likilia, hapiti mtu mpaka tujue sababu," akasema.

Mama akamwaga mkoba wake. Nyanya tatu. Kitunguu. Kitana. Kitabu hakuna.

Mama akapita peke yake. Kimya.

Mzee Ndunguru akapita. Kimya.

Tunu akapita. Pii! Pii!

"Babu, mimi sijaiba."

"Najua, mjukuu wangu. Hebu geuka."

Tunu akageuka. Mzee akacheka mpaka akakaa chini. "Mama Tunu, na huyu anakaa kabati gani?"

Mama akabandua kibandiko, taratibu. "Huyu hatuazimishi," akasema, akambeba.

Wakapita wote wawili. Lango likanyamaza.

Nyumbani, mama akajinyoosha kitandani kando ya Tunu.

"Hapo kale palikuwa na..." akaanza.

"Palikuwa na nini, mama?"

Mama alikuwa ameshalala, na viatu vyake miguuni.

Tunu akamvua kimoja. Akavuta pumzi. Akamvua kingine. Akavuta shuka, akamfunika mpaka shingoni.

Hadithi ikaishia hapo hapo. Tunu hakujali. Akajikunyata ubavuni mwa mama, naye akalala.