Pembetatu Chini ya Kiwiko

Jumatatu, saa mbili asubuhi, mama mdogo alivunja kufuli la chumba cha dada yake na kumkuta amekufa kwa kiu. Kwa ndani, mlango ulikuwa umekwaruzwa kwa kucha mpaka mbao zimetoa nyuzi. Msichana wa kazi akawekwa mahabusu siku hiyohiyo, maana mnyonge hachelewi kupatikana na hatia.

"Binti yake alinipa ruhusa Alhamisi," alilia. "Sikuwepo!"

"Mwongo," alisema binti wa marehemu. "Niliondoka Ijumaa kwenda harusini. Mama nilimwacha uani, mlango wazi, ufunguo anao huyu msichana. Afande, ona mwenyewe."

Akatoa simu. Picha aliyojipiga uani Ijumaa, saa nne kasoro dakika kumi: gauni la zambarau, mkono kiunoni, tabasamu. Nyuma yake kila kitu kimefifia kama ukungu.

"Mbona nyuma hapaonekani?" aliuliza mpelelezi.

"Uani pachafu. Nikapafifisha kwa programu, picha ipendeze."

"Ile ya mwanzo?"

"Nimeifuta."

Mpelelezi akaipeleka kwa mpiga picha wa mtaani, ambaye aliitazama na kucheka.

"Kazi ya kulipua hii! Programu hufifisha kilicho nyuma ya mtu. Sasa hapa kwenye pembetatu kati ya kiwiko na kiuno imedhani ni mwili, ikapaacha. Sisi tunaojua hupamalizia kwa mkono."

Akaikuza ile pembetatu, na kicheko kikamkauka. Ilikuwa na mlango, komeo, kufuli limefungwa. Kwenye upenyo wa mlango, vidole viwili vya kizee.

Saa tisa alasiri mpelelezi aliiweka picha hiyo mezani, mbele ya binti na mama yake mdogo. Binti hakukana.

"Miaka kumi na mmoja, mama mdogo! Mama kutwa: nishike mkono, nipeleke msalani, niletee maji. Nyie mlikuwa wapi? Nilitaka siku tatu tu nisiitwe."

"Si ungemwachia msichana?"

"Angenipigia simu kila saa."

"Hata maji, mwanangu?"

"Nilikuwa nachelewa."

Mama mdogo akajifunika uso kwa khanga. Mpelelezi, aliyeona maiti nyingi, aliivuta picha karibu. Akagusa vile vidole pichani.

"Na hapa alikuwa anakuomba nini?"

Binti aliinama, akatazama vizuri.

"Hapo hakuomba kitu," alisema. "Alisema gauni limenikaa."