Ombi Refu Kando ya Bwawa

Kila Jumamosi asubuhi kazi yangu ya kwanza ni kumsaka mdogo wangu. Mara yuko chini ya meza, mara ndani ya kapu la nguo chafu, mara amepanda juu ya ndoo anachungulia dirishani. Ana miaka minne na hajawahi kukaa mahali pamoja hata akahesabiwa. Ndiyo maana nyumbani tunamwita Kiroboto.

Mimi nina miaka kumi na miwili, na jina langu la utani ni Kipaza. Nilipewa na wenzangu wa shule ya Jumapili kwa sababu ya maombi yangu. Nikianza kuomba, hata wapita njia husimama nje ya kanisa wakasikiliza. Wenzangu walinipa jina hilo kwa kunitania, lakini mimi nililipokea kama zawadi, na kichwa kikanivimba. Wengine waliomba ili Mungu awasikie. Mimi, nikisema kweli, niliomba ili mwalimu anisikie.

Jumamosi hiyo shule ya Jumapili ilikuwa na matembezi. Tulikwenda kwenye bustani kubwa yenye nyasi, bembea na bwawa. Mama hufanya kazi kwenye tanuri la mikate na hakupata ruhusa, kwa hiyo Kiroboto aliwekwa chini ya ulinzi wangu. Kabla ya kutoka, Mama alichuchumaa akamfunga kamba za viatu, kisha akanitazama.

"Pale kuna maji," alisema. "Huyu usimwachie mkono hata kidogo. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama. Kwani mimi mtoto?"

"Ndiyo," alisema Mama, akachukua mkoba wake akaenda zake kazini.

Mchana ulipofika, mwalimu wetu alituita tukae duara kwenye nyasi. Siku za kazi yeye ni fundi cherehani, mtu mpole anayetembea na futi ya kitambaa shingoni hata siku ya mapumziko. Akina mama watatu walikuwa wamepanga mikate, mayai, matunda na birika la chai kwenye mkeka. Watoto tulikuwa thelathini, na wote tulikuwa na njaa.

"Nani atatuombea?" aliuliza Mwalimu. "Tushukuru kwa chakula, na tumwombe Mungu atulinde mpaka tufike nyumbani."

"Kipaza!" watoto waliitikia kwa pamoja.

Nilisimama. Mkono wa Kiroboto ulikuwa ndani ya mkono wangu wa kushoto, mdogo na wenye jasho. Kila mtu akafumba macho. Mimi nikiomba huinua mikono yote miwili juu, na mkono mmoja ungeonekana kama wa mtu anayeomba ruhusa ya kutoka darasani. Basi nikamwachia.

Niliombea chakula na mikono iliyokiandaa. Nikamwombea dereva aliyetuleta, nikaombea breki, nikaombea matairi. Nikawaombea wazazi, wagonjwa, na wasafiri wa nchi kavu, wa majini na wa angani. Mama mmoja aliitikia, "Ee Bwana!" nami nikapata moto. Mwalimu alikohoa. Nikadhani ameguswa, nikaongeza. Nikamsihi Mungu aweke malaika wake kila upande wa bustani ile, asipotee hata mmoja wetu.

"Amina!" nilisema hatimaye.

"Amina!" watoto walijibu kwa furaha, maana chai ilikuwa imepoa.

Nilishusha mkono wa kushoto nikitafuta kile kiganja kidogo. Nikashika hewa.

Nilitazama nyuma yangu. Nikatazama chini ya mkeka, kana kwamba mtoto wa miaka minne anaweza kukaa chini ya mkeka. "Kiroboto!" niliita. "Kiroboto, toka! Sitaki mchezo!" Hakuna aliyejibu, na vicheko vya watoto vilizimika kimoja kimoja.

Mlinzi wa bustani alifika upesi aliposikia kelele. Alikuwa dada mrefu aliyevaa buti za mpira zilizomfika magotini. Hakupoteza muda kwa salamu.

"Ni mtoto wa nani? Ameonekana mara ya mwisho lini?"

Watu wote walinigeukia. Nilimwona Mwalimu akinitazama kwa imani, nikawaona wale akina mama ambao dakika moja iliyopita walikuwa wakisema "Ee Bwana". Nilishindwa kuwaambia kwamba nilimwachia mtoto ili mikono yangu ionekane.

"Sasa hivi tu," nilisema. "Nilikuwa nimemshika mpaka amina."

"Basi hajafika popote," alisema mlinzi. "Dakika moja kwa miguu ile ni hatua chache. Tafuteni hapa hapa. Vyooni, nyuma ya bembea, ndani ya gari."

Watu wakatawanyika. Wakachungulia chini ya viti, wakafungua milango ya vyoo, wakapekua vichaka vya maua karibu na mkeka. Nami nilikuwa nikipekua pamoja nao, huku nikijua kwamba wanatafuta mahali pasipo pake. Kila waliposema "Huku hayupo", niligeuka kutazama upande wa maji. Nyuma ya ua wa miti, kule ambako hakuna aliyekwenda, bwawa lilikuwa limetulia kimya.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata kwenye bembea. Nilimkimbilia mlinzi nikamshika shati.

"Dada, nimedanganya," nilisema, na sauti yangu, ile ya kipaza, haikutoka vizuri. "Sikumshika. Nilimwachia mwanzoni kabisa, kabla hata sijaombea chakula."

Mlinzi alisimama. "Na ombi lenyewe lilichukua muda gani?"

Sikujua. Mwalimu ndiye aliyejibu, akiangalia saa yake. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Dakika kumi na mbili."

Mlinzi aligeuka akatimua mbio kuelekea kwenye ua wa miti, nami nikamfuata. Sikumbuki nilivyopita kwenye ua ule, nilikuja kuona mikwaruzo baadaye. Ninachokumbuka ni gati fupi la mbao na, katikati ya mbao zile, kiatu kimoja kidogo.

Maji yalikuwa ya kijani, mazito, na hayakuonyesha kitu. Nilifikiria Mama akirudi kutoka kazini, akiuliza, "Mwenzako yuko wapi?" Nilipiga magoti palepale nikaanza kufumba macho.

"Usifumbe!" mlinzi alininong'oneza kwa ukali. "Nisaidie kutazama. Tazama majani yale."

Nikatazama. Mbali kidogo na gati, katikati ya magugu maji, mashua ndogo ya kuondolea magugu hayo ilikuwa inaelea peke yake, kamba yake ikiburuta nyuma. Ndani yake nikaona mgongo. Kiroboto alikuwa amelalia ukingo wa mashua kwa tumbo, kichwa chini, mkono mmoja ndani ya maji. Mashua yote ilikuwa imeinamia upande wake.

Nilifungua kinywa nimwite. Kiganja cha mlinzi kilikifunika kabla sauti haijatoka.

"Ukimwita atasimama," alisema sikioni mwangu. "Akisimama, mashua itapinduka. Nyamaza, wala usimwondolee macho. Akizama, nionyeshe mahali hasa."

Akavua buti akaingia majini taratibu, bila kuyarusha. Maji yakamfika kiunoni, kisha kifuani. Mimi nilibaki kwenye gati, nimejiziba kinywa kwa mikono miwili. Nilikuwa naogopa hata kupepesa macho. Kiroboto alijisogeza mbele kidogo, akifuata kitu ndani ya maji, na ukingo wa mashua ukashuka mpaka karibu ugusane na maji. Ombi langu lote lilikuwa maneno matatu, nami nililiomba moyoni macho yakiwa wazi: Bwana, mshike tafadhali. Nililirudia, nikalirudia tena. Sikukumbuka kuombea matairi.

Mkono wa mlinzi ulitokea upande wa pili wa mashua ukaikandamiza chini, ikakaa sawa. Mkono mwingine ukamdaka Kiroboto kwa ukosi wa shati.

"Samaki hataki kuja," alilalamika Kiroboto.

Mlinzi alimleta gatini akiwa amembeba kichwani kama mtungi. Nilimpokea nikamkumbatia mpaka akapiga kelele kwamba namuumiza. Mlinzi alikaa kwenye mbao, maji yakimchuruzika, akihema.

"Mashua nami sikuifunga," alisema. "Nilizungusha kamba tu, nikasema narudi sasa hivi. Tumeponea chupuchupu."

Tuliporudi mkekani hakuna aliyekuwa na hamu ya kula. Msichana mmoja mdogo ndiye aliyeuliza swali ambalo wengi wetu tulilificha.

"Mwalimu, si tuliomba ulinzi? Mbona mtoto nusura azame? Mungu hakusikia?"

Mwalimu aliishika futi yake shingoni.

"Alisikia," alisema. "Waliojenga upya ukuta wa Yerusalemu walikuwa na maadui pande zote. Walimwomba Mungu, kisha wakaweka walinzi mchana na usiku. Sisi leo tulikuwa watu wazima wanne karibu na maji, na wote wanne tukafumba macho kwa pamoja. Kosa hilo ni langu kabla halijawa la mtoto yeyote. Kuanzia leo, tukiwa nje, wengine wakifumba macho, wawili watakaa macho wazi wakiwatazama watoto. Nao watakuwa wanaomba vilevile."

Jioni Mwalimu alitusindikiza nyumbani. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi mlangoni, mikono yake ikiwa bado na unga, anavua viatu vya kazini. Tulimwamkia.

"Mama," Mwalimu alianza, "leo tulipata tabu kidogo, lakini Mungu ni mwema..."

Nilijua anataka kunisitiri. Niliogopa pengine kuliko nilivyoogopa gatini, maana sasa nilikuwa nautazama uso wa Mama.

"Mwalimu, samahani," nilisema. "Niseme mwenyewe."

Nikasema yote. Nilisema nilimwachia ili watu waone ninavyoomba, nikasema nilivyodanganya, na nikasema kuhusu kiatu kwenye gati. Mama alimpakata Kiroboto, akampapasa miguu, mikono na shingo, kama mtu anayehakikisha hakuna kilichopungua. Mwalimu aliaga polepole akaenda.

"Kaa hapa," Mama aliniambia. Nikakaa nikisubiri kofi.

"Unajua mimi huwa naomba saa ngapi?" aliuliza. "Naomba kazini. Mikono iko kwenye unga, macho yako kwenye tanuri, moyo uko kwa Mungu. Sijawahi kufumba macho mbele ya moto ule. Nikifumba, nitaungua mimi na mikate itaungua. Na Mungu hajawahi kuniambia kwamba ombi hilo hakulipokea."

Kiroboto alikuwa ameanza kusinzia kifuani pake. Mama alimfuta pua kwa kiganja, akaacha alama ya unga.

"Leo nimemwomba amlinde huyu, tangu mkate wa kwanza mpaka wa mwisho. Akanisikia mapema, akampa mtoto mlinzi wa kumtazama kila hatua." Alinigeukia. "Mlinzi huyo ulikuwa wewe, mwanangu."

Nililia sana, naye hakuninyamazisha.