Klashi za Mrithi wa Waali

"Kware, Kware, unanipata?"

"Nakupata. Sema haraka, betri inakata."

"Daraja la Sirwan limelipuliwa. Leo hakuna wa kukufikia. Zuia kiapo kabla ya adhuhuri, na usimwage damu. Ukimuua huyo mrithi wao watamfanya shahidi, na mpaka wote utawaka."

"Nimefungiwa ghalani."

"Nani kakufungia?"

Gelavij, kachero wa serikali, alishusha sauti.

"Baba yangu."

Redio ikakoroma, kisha kimya. Betri ilikuwa imekwisha.

Aliifukia kwenye gunia la zabibu kavu, akatazama saa yake ya Omega. Saa tano kasoro robo.

Kuta tatu za ghala lile zilikuwa mwamba mtupu. Dari yake ilikuwa ua wa Shangazi Naze, maana kijijini kwetu kila dari ni ua wa jirani wa juu. Tundu la moshi lilikuwepo, ila hata kichwa hakipiti. Mlango ulikuwa wa mwaloni, na ufa wa vidole viwili uliomwonyesha ukumbi mdogo wenye viatu vya wageni, na nyuma yake sebule nzima.

Bastola yake ya Walther ilikuwa bado kwenye buti. Hakupekuliwa. Baba gani atampekua binti yake?

Asubuhi ile alimwambia ukweli wote.

"Baba, yule mtu ni bandia. Wamemfunza kambini miaka mitatu."

"Na muhuri wa Waali nao ni bandia?"

"Muhuri ni wa kweli. Umeibwa."

"Wewe, Tehran imekulisha wali mpaka ukasahau kwenu," alisema Mzee Darwesh. Akafunga kufuli kwa mkono wake mwenyewe.

Iliuma. Gelavij alikaa juu ya gunia, akalia kidogo, akafuta uso. Kulia hakufungui kufuli.

Na mzee huwezi kumlaumu sana. Nyumba ya Ardalan, ambayo kila mkuu wake aliitwa Waali, ilitawala milima hii miaka mia tano na ushei, imebanwa katikati ya wafalme wawili, huyu inampa kodi, yule inampa maneno matamu. Babu zetu waliwahi kuwapiga risasi Mawaali hao, na bado wakawalilia siku Shah alipowaondoa na kumleta ami yake. Sasa anakuja kijana mzuri, Sohrab Khan, anasema ni kitukuu wa Waali wa mwisho, aliyefichwa utotoni kwa mchungaji wa mbuzi huku huku milimani. Ana muhuri, ana upanga. Wazee saba walibusu ule muhuri, machozi yakawashuka ndevuni.

Aliyemleta alijiita Daktari, mtaalamu wa mambo ya kale. Kale gani? Alikuwa jasusi wa ng'ambo ya mpaka, na walinzi wake wawili wenye bunduki za Brno ndio waliokuwa wakilinda lile daraja lililovunjika.

Adhuhuri wazee wangeweka dole gumba kwenye karatasi ya kiapo. Jioni jeshi la ng'ambo lingevuka "kumlinda Waali." Mabomu ya kwanza yangeangukia kijiji hiki. Atakayesalia angenyongwa kwa uhaini, kuanzia jina la juu kabisa.

Jina la juu lilikuwa Darwesh.

Saa tano na nusu Gelavij alijaribu bawaba kwa kisu. Kisu kikavunjika.

Nyayo. Akabana jicho kwenye ufa.

Sohrab Khan alitoka sebuleni kwenda kutawadha. Kuvaa tena buti zake ndefu kulimchosha, akaazima pale kizingitini klashi za mzee mmoja, vile viatu vyetu vya kusukwa kwa uzi. Akaziinua. Akazigeuza. Akavaa, akavua, akabadilisha miguu, akaenda zake anachechemea.

Gelavij akabaki mdomo wazi.

Akarukia magunia mpaka chini ya tundu la moshi.

"Shangazi. Shangazi Naze."

"Nani huyo? Panya wa serikali?" Sauti ilishuka pamoja na vumbi. "Umefungiwa na babako, tulia ujifunze adabu."

"Shangazi, nitukane kesho. Una klashi mpya ndani?"

"Nimemaliza kusuka juzi. Za nini?"

"Mgeni mkubwa amekuja kuapa nyumbani kwetu na buti za kigeni, na nyinyi hamjamvisha klashi? Kesho mabonde yote yatatucheka."

Shangazi akaguna.

"Hilo umesema kweli. Huna adabu, lakini umesema kweli."

Saa sita kasoro dakika tano. Kupitia ufa, Gelavij alimwona baba yake akichovya dole gumba kwenye wino.

Shangazi Naze akaingia bila hodi, klashi nyeupe mkononi, akaziweka miguuni pa mgeni.

"Khan, usije kuapa nyumbani kwetu na buti za kigeni. Vaa hizi."

Wazee wakaitikia kwa furaha. Daktari akatabasamu. Sohrab akavaa moja, akavaa ya pili. Akavua. Akabadilisha. Akacheka, akiwa na raha zake kabisa.

"Mama, fundi wako amekosea. Zote mbili za mguu mmoja."

Hakuna aliyecheka.

Klashi haina kulia wala kushoto. Mtoto wa milima hii anajua hilo kabla hajajua kujifunga mkanda.

Mzee Darwesh alibaki na dole hewani, wino unamtiririkia mkononi.

"Mwanangu," alisema taratibu, "ulipokuwa ukichunga mbuzi, ulikuwa ukivaa nini?"

Sohrab akamtazama Daktari. Hilo tu likawatosha wazee.

Daktari alinyakua karatasi na muhuri, akachomoka hadi ukumbini. Lakini njia ya kwenda mpakani ni mawe matupu, na buti zake zilikuwa za kamba. Akainama kufunga, mgongo ukiwa kwenye mlango wa ghala.

Chuma baridi kikamgusa shingoni kupitia ufa.

"Malizia kufunga, Daktari. Utatembea sana. Muhuri weka chini."

Akauweka.

Wazee wakavua vilemba vyao, wakawafunga navyo Daktari na Sohrab. Karatasi ikaingia jikoni kwa Shangazi, chini ya chungu cha dengu. Risasi haikulia hata moja.

Kufuli likafunguka. Mzee Darwesh alisimama mlangoni, dole jeusi, hana pa kulificha.

"Nilikuwa nakaribia, Gelavij."

"Nimeona, Baba."

"Ningewaua wote."

Gelavij alikuwa bado na hasira, na alimpenda vilevile. Akavua buti lake kukung'uta changarawe zilizomsumbua tangu asubuhi. Ndipo mzee, kiongozi wa vijiji saba, akapiga magoti mbele ya wenzake. Akazichukua zile klashi mpya, akazipanga miguuni pa binti yake, ncha zikielekea nje, kama anavyopangiwa mgeni wa heshima.

Gelavij akavaa bila kuangalia chini.

Akauokota muhuri wa Waali, akautia mfukoni, akawatanguliza mateka wawe ngao yake kwa wale walinzi wa darajani, akashuka dari baada ya dari kuelekea mtoni.