Nyama Iliyolala Chunguni

Kila asubuhi Kokushubira aliteka maji, akafagia ua, kisha akamlisha mdogo wake, Projest. Siku hiyo mama yao alikuwa akienda kuchuma kahawa. "Nyama iliyobaki kwenye karamu ya ubatizo jana imelala chunguni," alimwambia. "Ichemshe mpaka itokote ndipo mle."

Lakini mvua ilikuwa imelowesha kuni. Kokushubira alipuliza mpaka machozi yakamtoka, moto haukuwaka. Akainusa nyama. Haikunuka. Akampa Projest ikiwa baridi. Yeye mwenyewe akala ndizi mbivu, kwani hakupenda mafuta yaliyoganda.

Mchana Projest akaanza kutapika na kuharisha. Midomo ikamkauka, macho yakaingia ndani. Kokushubira akapiga yowe. Mama na bibi yao, Kemilembe, wakaja mbio, na majirani nyuma yao.

"Asubuhi nilimwona akinywa uji kwa Placidia!" Bibi alilia. "Yule mjane amemlisha sumu!"

Mwanamume mmoja akaokota fimbo. Placidia alikuwa amesimama penye migomba.

Kokushubira aliwaza. Akisema, atachapwa. Na kama Projest angekufa? Mwenye fimbo akapiga hatua kuelekea migombani.

"Si Mama Placidia!" Kokushubira alipaza sauti. "Ni mimi, Bibi. Nilimpa nyama bila kuichemsha."

Fimbo ikashuka. Mama akambeba Projest mgongoni, wakakimbilia zahanati ya Kanoni.

"Amekula nini?" aliuliza Desderius, dresa, mhudumu wa tiba wa zahanati. Kokushubira akamweleza yote. Desderius akamnywesha Projest maji yaliyochemshwa, yenye sukari na chumvi kidogo, kijiko kwa kijiko. Kokushubira alikitazama kifua cha mdogo wake kikipanda na kushuka, akihofu kitasimama. Jua lilipokaribia kutua, Projest akafumbua macho.

"Mama, nina njaa," akanong'ona.

Kokushubira akaangua kilio.

"Sikiliza, binti," alisema Desderius. "Vijidudu havionekani, wala pua haivitambui. Chakula kikikaa kimepoa, huzaliana humo. Kiliwe kingali moto. Kinachobaki kifunikwe, kichemshwe tena kabla ya kuliwa, na kikishindikana kuchemshwa kitupwe, hata kama ni nyama."

Bibi alikuwa ameinama. "Nami nilikuwa tayari kumwangamiza jirani yangu bila kosa," alisema. "Mjukuu wangu, uzembe wa jikoni ulitaka kumuua mmoja. Ukimya wako ungemuua wa pili. Twende kwa Placidia. Mimi ndiye nitakayetangulia kuomba msamaha."