Shikamoo ya Chumba cha Kufulia

Waliobaki nyumbani hudhani kusoma ng'ambo ni kunenepa. Wakimwona mtu pichani kavaa koti zito, wanasema, "Huyo ameshatoka." Ametoka kwenda wapi? Wangemuuliza Msomi.

Msomi ni jina la utani alilopewa na mama yake. Tumwite hilo, maana huko alikokwenda hakuna aliyemwita kwa jina lolote. Asubuhi darasani. Mchana jikoni hospitalini, akisugua masufuria ambayo ungeweza kumwogeshea mtoto ndani. Jioni anarudi kwenye jengo la wanafunzi, anavua viatu, anavitazama kama vimemkosea adabu. Jambo moja tu lilimshikilia. Mdogo wake, Kitinda, alikuwa amepata nafasi chuo hichohicho, naye angefika mwisho wa mwezi. Msomi alitaka Kitinda amkute dada yuleyule aliyeondoka nyumbani, si gofu la mtu.

Basi jioni moja akabeba kapu la nguo kushuka chini ya jengo, kwenye mashine za kufulia. Giza lilikuwa linaingia. Huko msimu wa baridi jua huchoka mapema kuliko watu.

Taa ya ngazini ilikuwa inakonyeza. Chini, mashine moja inazunguka. Grrm... grrm... grrm...

Ndani hamna nguo.

Na ile harufu. Sabuni si sabuni. Ilikuwa harufu ya sanduku la marehemu, lililofungwa miaka na leo ndiyo limefunguliwa.

Kwenye benchi kulikuwa na bibi kizee, mgongo umepinda kama ndoana, vidole kama tangawizi. Msomi akadhani ni mfagizi anapumzika. Akaweka kapu chini, akaanza kutenga nguo nyeupe na za rangi.

Nyuma yake, taratibu...

"Shikamoo."

Kwa lugha ya kwao. Neno ambalo hakuwa amelisikia kwa mtu ana kwa ana tangu apande ndege.

Mtu aliyeshiba usingizi angeshtuka. Tangu lini mzee akamwamkia mtoto? Lakini Msomi alikuwa hoi, na mdomo uliolelewa vizuri huitika kabla kichwa hakijaulizwa.

"Marahaba."

Mashine ikanyamaza.

Bibi akashusha pumzi ndefu, kama aliyetuliwa mzigo. "Ahsante, mama," akanong'ona. "Nimewaamkia wengi humu. Hawajui kuitika."

Akainuka. Mgongo ukanyooka, pingili kwa pingili, unausikia. Akazipanda ngazi mbilimbili, anacheka chini kwa chini kama msichana aliyeitwa na mchumba.

Msomi alipoinama kuokota kapu, kiuno kikalia ka. Kwenye kioo cha duara cha mashine akaona uso wa mama yake. Akatazama tena.

Hapana. Wa bibi yake.

Tangu hapo hakwenda darasani wala jikoni. Angekwenda na uso upi? Mama akipiga simu, anazima kamera.

"Mbona sauti imekwaruza?"

"Baridi, mama."

"Kunywa maji ya moto. Na kula, mwanangu. Nakujua ukisoma unasahau tumbo."

Akikata simu, anakaa kitandani kuwaza. Aliyebebeshwa mzigo kwa shikamoo, si kwa shikamoo hiyohiyo angeutua? Ila wa kumtua ni mtu wa kwao, anayejua kuitika. Na mtu wa kwao alikuwa njiani.

Kitinda akafika alasiri moja, macho mekundu kwa safari, anaburuta sanduku lililokatika gurudumu. Mlango ukafunguka. Akamwona kikongwe amevaa sweta la dada yake.

Msomi alikuwa na lile neno ulimini tangu asubuhi. Msimhukumu. Mtu aliyeuona uzee wake kabla ya ujana kumwishia, shetani wake hahitaji kupiga hodi. Lakini akatazama vidole vilivyoshika sanduku. Kucha zimetafunwa mpaka nyamani, vilevile kama zamani.

"Shikamoo, bibi," Kitinda akawahi. "Namtafuta dada yangu."

Msomi akalimeza neno lake. Lilishuka kama mfupa.

"Marahaba. Hujaacha tu kutafuna kucha?"

Sanduku likaanguka. Kitinda akamshika uso kwa mikono miwili, akaugeuza huku na huku, kama mtu anayekagua nazi.

"Dada? Chuo gani hiki kinachozeesha watu hivi?"

Wakacheka, kisha wakalia. Nikuambie, walilia zaidi.

"Nini kimekupata?"

"Nitakueleza kesho. Leo sina hata nguvu ya kusema."

Kesho. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na ni uchovu uliomkosesha. Akajilaza na viatu miguuni.

Alipozinduka, giza limejaa dirishani. Kapu la nguo mlangoni halipo. Kitinda hayupo.

Ngazini... nyayo. Zinapanda polepole. Zinasimama. Zinapanda tena.

Na ile harufu ya sanduku la marehemu.

Mlango ukasukumwa. "Usinigombeze," sauti ya Kitinda ikasema gizani. "Ulilala kama gogo, nikaona nikufulie. Sikungoja siku ya tatu nipewe jembe. Huko chini kuna msichana mzuri, kumbe wa kwetu. Yuko makamo yako, dada. Yaani, makamo yako ya zamani. Anasema ameanza kuchoka tena. Ndiye aliyeniamkia, mkubwa mzima, nikacheka..."

Msomi akaketi. Mkono ukatafuta swichi, haukuiona.

"Ukaitika?" akanong'ona.

Kitinda alikuwa anataka kuliweka kapu chini.

Akashika kiuno kwanza.