Mshika-Zamu wa Mzee Ambakisye

Mshika-zamu alipiga magoti mbele ya kiti cha Mzee Ambakisye Mwasomola, akamimina mafuta ya mchaichai viganjani na kuyasugua mpaka yakapata joto. Akaanza na goti la kulia. Dole gumba lilizunguka polepole kando ya mfupa, likatulia kidogo penye maumivu, kisha likaendelea. Alikuwa na kimo cha msichana wa miaka kumi na minne, mwili wa rangi ya majivu, na mikono iliyovikwa mpira laini wenye joto kama la binadamu. Mzee alikuwa amefumba macho, uso umetulia kama wa mtu anayesikiliza mvua.

Atuganile alisimama mlangoni, begi la jeshi likiwa bado begani. Alikuwa ameshuka kutoka angani siku tano zilizopita, na asubuhi hiyo madaktari wa kambi walimruhusu kwenda nyumbani. Miezi kumi na minne alikuwa akiitamani sebule hii. Sasa alijikuta akitazama mikono yake mwenyewe ikifanya kazi bila yeye.

Maana ilikuwa mikono yake kweli. Kabla ya kuondoka, alikaa na ile mashine siku ishirini na moja ikimfuata kila mahali: jikoni, bombani, chumbani kwa mzee. Ilijifunza anavyomenya ndizi, anavyomfunika baba yake blanketi, anavyogonga mlango mara mbili kisha anasubiri. Sheria ilikataza mshika-zamu kuiga sura au sauti ya mtu. Haikukataza mikono.

Hiyo ilikuwa mojawapo ya stahili za Jeshi la Akiba la Shirikisho. Askari wa akiba walikuwa walimu, wauguzi, mafundi na wakulima waliofanya mazoezi siku mbili kwa mwezi na majuma mawili kwa mwaka, kisha wakarudi kwenye kazi zao. Kama malipo ya siku hizo, serikali iliwatibu wao, wenzi wao, watoto wao na wazazi wao. Mwajiri alilazimika kuwalindia nafasi zao wakiitwa. Na tangu mwaka 2085, askari aliyeitwa kwa zaidi ya miezi mitatu alipewa mashine ya kushika zamu yake nyumbani.

Atuganile hakujiunga kwa ajili ya bendera wala magwanda. Alikuwa na miaka ishirini na minne, fundi mpya wa mitambo ya kuchuma chai hapa Tukuyu, wakati figo za mama yake zilipokufa. Kisafisha-damu cha kuvaa kiunoni hakikuwa kitu cha familia kama yao. Akajiandikisha siku ya Jumatatu. Ijumaa ya juma lililofuata mama yake, Subilaga, alivalishwa kifaa hicho. Aliishi nacho miaka tisa. Atuganile alizikumbuka Jumamosi za miaka ile kuliko kitu chochote: akirudi kutoka mazoezini na vumbi hadi kwenye nyusi, mama humpokonya kofia, huikung'uta kwenye ukuta wa nje, humwambia, "Kaa kwanza, askari wangu wa wikiendi. Vita vitasubiri ule." Na baba hucheka kwa ndani, mabega yakimtikisika.

Kwa hiyo kituo cha angani kinachotazama mvua na vimbunga kilipopigwa na mabaki ya setilaiti kuukuu, na mafundi wa akiba wakaitwa, hakuweza kusema hapana. Malipo yake, ile miaka tisa ya mama, yalikuwa yamekwisha kutolewa.

"Shikamoo, Tata," alisema sasa, akiingia.

Mzee akafumbua macho. "Marahaba, mwanangu." Akamtazama, akamtazama na mshika-zamu, kama mtu aliyeona watu wawili wamevaa nguo moja. "Kumbe mko wawili."

Atuganile akacheka, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

*

Aliondoka baba yake akiwa anasahau majina ya majirani. Alimkuta amesahau zaidi. Jioni ya kwanza walikaa jikoni, mshika-zamu akikoroga ndizi kwenye jiko la umeme, na Atuganile akaanza kumkumbusha mzee habari za zamani ili amwone akichangamka.

"Tata, ile hadithi ya mlivyokutana na Mama. Mlikutana wapi vile?"

Mzee akashika ukingo wa meza. "Na nani?"

"Na Mama. Na Subilaga."

"Subilaga ni mtu mzuri," akasema kwa uangalifu, kama anayejibu swali la mtihani.

Atuganile hakuwahi kuisikia hadithi hiyo yote. Alipokuwa mdogo wazazi wake waliichekea wenyewe kwa wenyewe, na alipokuwa mkubwa alikuwa na shughuli nyingi. Siku zote aliamini kwamba ipo siku. Sasa aliona kwamba siku ile ilikuwa imepita wakati yeye yuko juu, akibadilisha vioo vya kamera.

Mshika-zamu alikuwa ameacha kukoroga.

"Amewahi kukusimulia wewe?" Atuganile akamwuliza.

"Mara nne," mashine ikajibu kwa sauti yake ya kawaida, isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke. "Mara ya mwisho ni mwezi wa tisa."

"Nisimulie."

"Siruhusiwi. Anachosema mtu akiwa na mshika-zamu ni mali ya aliyesema. Mzee Ambakisye atoe ruhusa, tena awe anaelewa anachokiruhusu."

Wakamwuliza. Mzee akauliza ruhusa ya nini, wakamweleza, akauliza tena. Mara ya tatu akaanza kutetemeka kidevu, na Atuganile akaacha.

*

Jumatatu asubuhi alipanda lifti ya waya kwenda Mbeya. Chini yake mashamba ya chai yalipita, kijani kibichi baada ya mvua, mitambo ya kuchumia ikitembea juu ya matuta kwa miguu yake myembamba. Mingine alikuwa ameifunga yeye mwenyewe. Ofisi ya Stahili ilikuwa na benchi refu na bango la askari anayetabasamu. Aliyemhudumia alikuwa Sajini Mbwilo, mtu mzima mwenye mvi na sauti ya pole.

"Mashine itachukuliwa Ijumaa, Koplo," alisema baada ya kumsikiliza. "Siku ya saba tangu urudi nyumbani. Itasafishwa kumbukumbu zote, iende Songea. Kuna muuguzi ameitwa, ana watoto watatu."

"Afande, ndani yake mna maisha ya baba yangu. Yeye mwenyewe hana tena."

"Naelewa. Lakini siwezi kuifungua bila ruhusa yake. Tungeruhusu hilo, kila mtu angekuja kutaka siri za wazee wake." Akasita. "Kuna njia ya kuiweka hapo nyumbani, kama ni hiyo unayotaka. Kituoni wanahitaji fundi kwa zamu ya pili, miezi kumi na miwili. Ukikubali, mshika-zamu anabaki kama alivyo."

"Yaani nikitaka abaki, mimi niondoke."

"Anashika zamu ya asiyekuwepo. Ukiwepo, hakuna zamu ya kushika."

"Na nikikataa?"

"Hupotezi chochote. Mzee anaendelea kutibiwa, kazini kwako wanakulindia nafasi miezi mitatu. Unamkosa tu msaidizi." Akamsogezea kibao cha kielektroniki chenye fomu ya kuomba zamu hiyo. "Usijaze hapa. Nenda nacho nyumbani. Watu wengi wamejazia hapa wakajuta njiani."

Atuganile alirudi na kile kibao mapajani. Hesabu yake ilikuwa rahisi na mbaya. Akienda, huenda mzee akapata siku yenye akili safi, akatoa ruhusa, hadithi zikapona. Isitoshe, alikuwa amekwisha kuona: yule mwenye mwili wa majivu hakuwahi kuchoka, hakuwahi kupandisha sauti, na mzee alikuwa amenenepa kidogo. Akibaki, angebaki na baba asiyejua hadithi yake, na mikono yake miwili tu. Kabla lifti haijafika Tukuyu alikuwa amekwisha kujaza jina na namba ya jeshi. Palibaki pa kuweka dole gumba.

*

Jumatano kulipambazuka na baridi. Mzee alikunywa uji wote, akaomba kofia yake ya sufu kwa jina. Atuganile aliona kwamba ni siku nzuri, akasogeza kiti.

"Tata, Ijumaa huyu anaondoka. Naomba umruhusu anisimulie yale uliyokuwa ukimwambia."

"Nani?"

"Huyu hapa."

Mzee akamgeukia mshika-zamu, akamkagua kuanzia kichwani hadi miguuni. "Sijamwambia kitu huyu. Mimi nisimulie mashine? Nina wazimu?"

"Lakini ulikuwa ukizungumza kila asubuhi."

"Nilikuwa nazungumza na Atu. Ananisugua magoti, nami namsimulia. Mtu akikusugua magoti huwezi kumnyamazia tu."

"Atu ni mimi, Tata."

"Najua," mzee akasema, akiwa amekereka kidogo. "Ndiyo maana nashangaa unaniomba ruhusa. Niliyokwambia ni yako."

Nje, wanafunzi walipita wakielekea shule. Kisha mshika-zamu akainua uso.

"Msemaji amemtaja aliyemkusudia," akasema. "Ziko hadithi mia mbili na kumi na saba. Zote zinaanza kwa jina lako. Naweza kukusimulia."

Atuganile akaficha uso katika kanga aliyojifunika mabegani. Mzee akamgusa bega, akimwuliza kama ni meno.

*

Walisimuliwa siku mbili, mchana kutwa, baba na binti wakiwa bega kwa bega kama wageni wa harusi. Mshika-zamu alitumia maneno yaleyale ya mzee, na mzee alisikiliza kwa makini, mara nyingine akitikisa kichwa kuwahurumia watu wa kwenye hadithi.

Wazazi wake walikutana kwenye mashine ya kusaga, Kiwira, mwaka ambao umeme ulikuwa ukikatika kila siku. Ambakisye alikuwa na debe la mahindi, Subilaga alikuwa na nusu gunia. Umeme ukaondoka saa tatu asubuhi, watu wakakaa juu ya mizigo yao kuusubiri. Subilaga alikuwa na karanga za kuchemsha. Alimcheka Ambakisye kwa kuvaa kandambili moja ya bluu na nyingine ya kijani. Saa kumi fundi akatangaza kwamba umeme hautarudi siku hiyo, watu wakanung'unika na kutawanyika. "Mimi nilikuwa nimeuomba usirudi," mshika-zamu alisema kwa maneno ya mzee. "Kesho yake nikaenda na debe lilelile, na kandambili zilezile, ili anitambue."

"Huyo kijana alikuwa mjanja," mzee akasema.

"Sana, Tata."

Alhamisi alasiri mshika-zamu akafika kwenye hadithi aliyosimuliwa mara moja tu, siku ya kwanza baada ya Atuganile kuondoka.

"Atu, jana gari la jeshi lilipokuja sikutoka nje. Wamesema nimesahau kwamba unasafiri. Sikusahau. Nilikuwa nyuma ya pazia. Niliogopa nikitoka nitakushika mkono nisiuachie, na sikuwa na haki. Mama yako alikula miaka tisa ya mkono huo. Nami nilikula naye, maana kila siku aliyoishi niliishi nikiwa na mke. Sasa wamekuja kuuchukua. Nilitaka tu ujue kwamba nilikuwepo dirishani."

Siku ile Atuganile alikuwa amelitazama lile dirisha mpaka gari likapinda kona, akakasirika kidogo, akaenda na hasira hiyo hadi angani. Sasa aliondoka sebuleni, akaenda bombani akafungua maji, akayaacha yatiririke. Aliporudi alikichukua kile kibao, akafuta jina lake.

"Afande," alimwambia Sajini Mbwilo kwa simu, "nitabaki."

"Sawa, Koplo," akajibu. "Nami nilimwacha mzee wangu kwa mashine, mara mbili. Mlee mzee."

Ijumaa saa nne gari likaja. Mshika-zamu alikunja blanketi la mwisho, akaeleza dawa zilizobaki, akaomba Atuganile aweke kiganja kifuani pake kuthibitisha kwamba kumbukumbu zifutwe. Taa ndogo ya kijani shingoni ikazimika, ikawaka tena ikiwa nyeupe. "Habari za asubuhi," mashine ikasema, kama mtu aliyeingia nyumba asiyoijua, ikatoka na kupanda gari yenyewe.

*

Miezi ilipita. Atuganile alirudi kwenye mitambo yake nusu siku, na jirani alimkalia mzee saa hizo. Alichoka, alipandisha sauti mara nyingine na kujuta. Kuna siku baba yake alimwita Atu, na kuna siku alimwita dada, au muuguzi, au mama.

Alasiri moja ya kiangazi walikaa barazani. Mawingu yalikuwa yameachia kilele cha Mlima Rungwe, na Atuganile alikuwa akichambua maharage.

"Nina binti yangu yuko juu," mzee akasema ghafla, akionyesha anga kwa kidole. "Ni askari wa wikiendi. Anatengeneza kile kituo kinachotuonya kuhusu mvua."

Mikono ya Atuganile ikasimama. "Ni mtu wa namna gani?"

"Mkaidi. Amemfuata mama yake." Akatabasamu. "Lakini ana moyo. Atakaporudi nina mengi ya kumwambia, sijui kama nitakuwa nayakumbuka."

Atuganile akaweka ungo chini, akasogea karibu naye.

"Niambie mimi, Mzee wangu," akasema. "Nitamfikishia."

Mzee Ambakisye akamtazama, akapima kama anaweza kumwamini. Kisha akakohoa kidogo kusafisha koo, akaanza.